Mtunza bustani Mskoti katika milki ya lordi wa Ireland: anza kumtafuta kule alikofanya kazi

Swali:

"Mtaalamu, salaam. Mama yangu ana miaka 86 na alizaliwa Bonde la Ufa. Baba yake alikuwa Mzungu aliyekuja Kenya baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Hakumwoa nyanya yangu, lakini alimtambua mama, akamlipia karo, na kabla ya kufa akamwachia bahasha ya picha. Moja ni ya mwanamume mwenye ndevu amesimama mbele ya nyumba ya vioo, kofia mkononi. Nyuma imeandikwa kwa wino 'Father, 1896', na chini ya picha kuna chapa ya studio ya Strabane. Babu alikuwa akimwambia mama kwamba baba yake huyo alikuwa Mskoti, mkuu wa bustani katika jumba la lordi huko Ireland, na kwamba yeye babu alizaliwa hukohuko. Nimelitafuta jina la huyo mzee kwenye kumbukumbu za Uskoti, nikapata watu wengi mno wenye jina hilohilo. Nimepima DNA, ikasema Ireland asilimia 14 na Uskoti asilimia 9, nikazidi kuchanganyikiwa. Kuna jamaa ameniambia nisipoteze pesa kwa sababu kumbukumbu zote za Ireland ziliungua. Mama angependa kujua kwao upande huo angali na nguvu. Nianzie wapi?"

Jibu:

Dada yangu, mfikishie mama salamu zangu, na mwambie bahasha yake ina thamani kuliko anavyodhani. Wengi huniandikia wakiwa na jina tupu. Ninyi mna jina, kazi, mwaka, mji wa mpiga picha na maneno ya mtoto wa huyo mzee mwenyewe.

Nikikuelewa vizuri, shida yako ni kwamba unaijua nchi alikotoka na nchi alikofanya kazi, lakini huijui parokia wala hulijui jumba. Kwa kuwa alikuwa Mskoti, ukaenda moja kwa moja Uskoti. Karibu kila mtu hufanya hivyo, na hukwama palepale ulipokwama wewe, kwa sababu kule majina yalikuwa machache na watu wengi. Ukitafuta James au John mwenye jina la ukoo la kawaida, utaletewa kijiji kizima. Kumbukumbu za Uskoti ni miongoni mwa zilizotunzwa vizuri kabisa duniani, ila zinamsaidia anayekuja na kitu mkononi: jina la mke, jina la baba, au jina la parokia. Vitu hivyo utavipata Ireland. Na ukishafika Ireland, njia ya uhakika ya kumpata mtumishi wa milki ni kumfuata mwajiri wake.

Kwanza tuiondoe hofu ya moto. Jamaa yako amesema nusu ya ukweli. Tarehe 30 Juni 1922, mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, hazina ya nyaraka za taifa iliyokuwa katika majengo ya Four Courts mjini Dublin ililipuka na kuungua. Sensa za 1821 hadi 1851 ziliteketea karibu zote, pamoja na wosia wa karne nyingi na vitabu vingi vya ubatizo vya Kanisa la Ireland, yaani Waanglikana. Sensa za 1861 na 1871 zilikuwa zimekwisha kuharibiwa zamani kwa amri ya serikali, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza karatasi ilipoadimika. Kwa mtu anayemtafuta mzee wa mwaka 1830, hilo ni pigo zito. Kwenu ninyi si kubwa hivyo. Sensa za 1901 na 1911 zipo, za Ireland yote, na unazisoma bure kwenye tovuti ya Nyaraka za Taifa za Ireland. Uandikishaji wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo, ulioanza kwa watu wote mwaka 1864 (ndoa za wasio Wakatoliki zilianza 1845), haukuguswa na moto ule. Vitabu vya Wapresbiteri vilikaa makanisani mwao. Daftari za mishahara na barua za malordi zilikuwa majumbani kwao au kwa mawakili wao. Kama babu yako alikuwa mtu mzima wakati wa vita, yaelekea alizaliwa miaka ya 1880 au 1890, na hiyo ina maana kwamba mwaka 1901 alikuwa bado mtoto au kijana, pengine chini ya paa la baba yake. Hapo ndipo tutamkamata.

Jambo la pili ni huo Uskoti wenyewe. Strabane iko kaunti ya Tyrone, katika Ulster, na leo ni sehemu ya Ireland Kaskazini. Kuanzia 1609 na 1610 serikali ya Mfalme James iliwagawia Waskoti na Waingereza ardhi kubwa kule, na uzao wao upo hadi leo, wenye majina ya Kiskoti na kanisa la Presbiteri. Kwa hiyo ukikuta Tyrone mtu wa jina la Kiskoti na dini hiyo, usikimbilie kusema alizaliwa Uskoti. Huenda ukoo wake ulikuwa umekaa hapo karibu miaka 300. Wako waliokwenda ng'ambo wakajiita Waskoti kwa maana hiyo, na hawakuwa wanadanganya.

Hata hivyo kazi ya mzee wenu inanielekeza upande wa pili. Karne ya 19 wenye milki wa Ireland walipenda kuleta Waskoti kwa kazi chache maalumu: bustani, usimamizi wa shamba, uchungaji wa kondoo, na ulinzi wa ndege na wanyama wa kuwindwa. Bustani hasa. Kijana wa Kiskoti aliingia uanagenzi mapema, akalala na wenzake katika nyumba ndogo ya vijana wa bustani, akajifunza kupasha moto nyumba za vioo, kuotesha zabibu na nanasi kwenye baridi ile, kuhesabu mbegu na kuandika ripoti. Aliyefuzu alihamahama kutoka jumba hadi jumba akipanda cheo. Ninian Niven, mzaliwa wa Glasgow, alipanda hivyo hadi akashika Bustani ya Mimea ya Glasnevin, Dublin, mwaka 1834. Aliyempokea mwaka 1838, David Moore, alizaliwa Dundee, na jina la kwao lilikuwa Muir. Alipohamia Ireland likageuka Moore. Mkumbuke huyo utakapokuwa unatafuta, kwa sababu mtu akivuka bahari ile tahajia ya jina lake ilibadilika kirahisi, na Mac, Mc na M' zilikuwa kitu kimoja machoni pa karani.

Ilikuwapo pia sababu isiyopendeza. Mskoti hakuwa na ndugu miongoni mwa wapangaji wa lordi, kwa hiyo lordi alimwamini, na wenyeji mara nyingi walimwogopa. Katika milki ya Glenveagh, kaunti jirani ya Donegal, msimamizi Mskoti James Murray aliuawa Novemba 1860, na Aprili 1861 mwenye milki, John George Adair, akawafukuza watu 244 kutoka makwao. Mkuu wa bustani hakukusanya kodi, na maisha yake yalikuwa ya amani zaidi, lakini ni vizuri mama ajue kwamba familia hizi ziliishi kama wageni ndani ya ukuta wa jumba. Walioana mara nyingi wao kwa wao: binti wa mlinzi wa wanyama na kijana wa bustani, mtumishi wa ndani na msaidizi wa shamba. Kwa utafiti hilo ni faida, kwa maana majirani wa ukurasa uleule wa sensa wanaweza kuwa wakwe.

Sasa picha yako. Studio ya Strabane haithibitishi kwamba jumba lilikuwa Strabane. Inaonyesha kwamba Strabane ulikuwa mji wao wa soko na treni, au kwamba mpiga picha wa huko aliitwa kwenye jumba, na kwa kuwa picha ilipigwa mbele ya nyumba ya vioo, hilo la pili linawezekana sana. Milki kubwa iliyo karibu ni Baronscourt, ya Duke wa Abercorn, huko Newtownstewart, kusini mwa Strabane. Lakini usiifunge akili hapo. Ng'ambo ya mto kuna Donegal yenye milki kadhaa, na reli ya bonde la Finn kutoka Strabane hadi Stranorlar ilikuwapo tangu 1863. Ninaitaja Baronscourt mapema kwa sababu akina Hamilton, yaani ukoo wa huyo Duke wa Abercorn, asili yao ni Uskoti, na katika karne ya 19 walikuwa na mali Duddingston, Edinburgh. Mwenye nyumba katika nchi zote mbili aliweza kumhamisha mtumishi kutoka moja hadi nyingine bila tangazo lolote gazetini. Shikilia hilo kama dhana, mpaka karatasi iseme.

Kabla hujafungua tovuti yoyote, kaa na mama. Rekodi sauti yake kwenye simu, kwa vipindi vifupi asichoke. Usimuulize "baba yake babu aliitwa nani", maana hilo mnalijua. Muulize babu aliwataja ndugu gani, nani alimwandikia barua na stempu ilikuwa ya wapi, alisali kanisa gani, alizungumzia mto gani au mji gani, alipigana jeshi gani. Piga picha za kadi zote mbele na nyuma, pamoja na zile ambazo hamjui ni za nani.

Kisha mfunge babu mwenyewe kwa karatasi za Kenya. Kama alifia huku na akaacha mali, tangazo la mirathi yake huenda limo kwenye Gazeti Rasmi la Kenya, lenye jina lake kamili na mahali alipoishi, na matoleo ya zamani yamewekwa mtandaoni. Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, kuna mafaili ya mirathi ya enzi hizo. Iko pia hifadhidata ya bure ya Wazungu waliowahi kuishi Afrika Mashariki, iliyokusanywa kutoka magazeti, makaburi na orodha za walowezi. Ikiwa alikuja chini ya mpango wa kuwapa ardhi askari wa zamani, ule wa 1919, lazima alikuwa na utumishi wa kijeshi, na kadi za medali za vita hivyo zipo kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew. Mafaili mengi ya askari wa kawaida yaliungua kwa mabomu mwaka 1940, lakini kadi za medali zilinusurika. Unachotaka hapa ni jina lake lote, yakiwemo majina ya katikati, na umri. Jina la katikati la mtoto wa Kiskoti mara nyingi ni jina la ukoo wa mama au nyanya yake.

Nikuambie pia lililo gumu. Miaka ya 1930 uandikishaji wa vizazi vya Waafrika Kenya haukuwa wa lazima, na mtoto ambaye wazazi hawakuoana huenda hana karatasi yoyote ya serikali yenye jina la baba. Kama mama alibatizwa misheni, tafuta kitabu cha ubatizo, na kama alisoma bweni, ulizia daftari la shule aliyelipiwa karo. Pasipokuwa na hivyo, kiungo kati ya mama na babu kitabaki ushuhuda wa familia na DNA. Kwa kujua ukoo, hivyo viwili vinatosha. Kwa madai ya kisheria, ni habari nyingine.

Sasa ingia kwenye sensa ya Ireland ya 31 Machi 1901. Mtafute babu, si baba yake: mtoto wa umri fulani, jina fulani, Tyrone kwanza, kisha Donegal na Londonderry. Ukipata kaya inayofanana, fungua picha ya karatasi yenyewe, usitosheke na maandishi yaliyonakiliwa. Kwenye fomu ya familia utaona jina, uhusiano na mkuu wa kaya, dini, kusoma na kuandika, umri, kazi, hali ya ndoa na mahali pa kuzaliwa. Mwairishi alitakiwa kuandika kaunti yake. Aliyezaliwa nje alitakiwa kuandika nchi tu, kwa hiyo kwa mzee wenu yaelekea utaona "Scotland" peke yake. Usivunjike moyo, bado kuna fomu nyingine ambayo wengi huipita. Inaitwa B1, orodha ya nyumba za kitongoji kizima: kuta, paa, vyumba, madirisha ya mbele, na katika safu ya mwisho jina la mwenye ardhi ambayo nyumba hiyo imesimama juu yake. Mkuu wa bustani hakuwa na nyumba yake. Aliishi ya mwajiri, kwa kawaida kando ya ukuta wa bustani, na katika safu hiyo utamkuta mwajiri. Ukisoma pale "Duke of Abercorn", au jina lolote lingine, umelipata jumba.

Rudi tena kwenye fomu ya familia uwatazame watoto. Wakubwa wamezaliwa wapi? Kwa kuwa mtunza bustani alihama kila alipopanda cheo, watoto wake ni kama mihuri ya pasipoti. Wa kwanza Uskoti, wa pili kaunti ya Down, wa tatu Tyrone: hiyo ndiyo safari ya kazi yake. Ukimpata hata mtoto mmoja aliyezaliwa Uskoti, furahi, kwa sababu cheti cha kuzaliwa cha Uskoti tangu 1861 (na cha mwaka 1855) kinataja tarehe na mahali wazazi walipofunga ndoa. Nenda kwenye cheti hicho cha ndoa, nacho kitakupa majina ya baba na mama wa bwana harusi, pamoja na majina ya ukoo ya hao akina mama. Kwa karatasi mbili umerudi vizazi viwili.

Vyeti vya Ireland ni vichoyo zaidi. Cha kuzaliwa kina jina la ukoo la mama lakini hakisemi ndoa ilikuwa wapi. Cha ndoa kinataja baba wa kila upande na kazi yake, bila akina mama. Cha kifo hakitaji wazazi kabisa, ilhali cha Uskoti huwataja wote wawili. Ndiyo maana mtu aliyeoa na kufia Ireland ni mgumu kuliko ndugu yake aliyebaki. Hata hivyo anza na cheti cha kuzaliwa cha babu. Tovuti ya serikali ya IrishGenealogy inatoa picha za vyeti bure, vya vizazi vilivyopita miaka 100, ndoa miaka 75 na vifo miaka 50, na kwa miaka ya kabla ya nchi kugawanywa inajumuisha kaunti za kaskazini pia. Jina la ukoo la mkewe mzee ndilo ufunguo unaouhitaji zaidi ya wote.

Sensa ya 1911 itaongeza jambo jingine: wanandoa waliulizwa wameoana miaka mingapi, wamezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai. Toa miaka hiyo kwenye 1911, upate mwaka wa ndoa kwa kukadiria. Umri wenyewe usiuamini sana. Watu wengi walizeeka zaidi ya miaka kumi kati ya sensa hizo mbili, maana pensheni ya wazee ilianza kulipwa Januari 1909 kwa waliofika 70, na kuongeza miaka kulikuwa na faida.

Ukishalijua jumba, nenda kwenye karatasi za milki. Za kaskazini nyingi ziko kwenye Ofisi ya Kumbukumbu za Umma ya Ireland Kaskazini, PRONI, pale Titanic Quarter, Belfast, zikiwemo za Abercorn, ambazo ni mkusanyiko mkubwa. Za kusini, mahali pa kwanza pa kuuliza ni Maktaba ya Taifa ya Ireland mjini Dublin. Soma orodha ya mkusanyiko mtandaoni kwanza. Daftari za kodi zinahusu wapangaji, na mtumishi huenda asiwemo hata akikaa miaka 30. Unachotafuta ni daftari za mishahara, hesabu za idara ya bustani, na barua kati ya lordi na wakala wake za mwaka ambao mkuu mpya wa bustani aliajiriwa. Barua ya aina hiyo hutaja alikotoka na nani alimpendekeza. Si kila milki ilihifadhi, wala si kila familia ilikabidhi. Jumba likiwa bado mikononi mwa familia, barua fupi ya heshima kwa ofisi ya milki haina hasara.

Kuna chanzo kimoja ambacho mimi hukipenda kuliko daftari za mishahara, nacho ni magazeti ya bustani. The Gardeners' Chronicle lilianza London mwaka 1841, na matoleo mengi ya karne ya 19 yamewekwa bure kwenye Maktaba ya Urithi wa Bioanuwai. Lilitangaza uteuzi kwa mtindo mmoja: bwana fulani, aliyekuwa msimamizi wa vijana kwa lordi fulani Uskoti, ameteuliwa mkuu wa bustani kwa fulani Ireland. Mkuu wa bustani aliyejulikana alipofariki, liliweza kuandika habari zake tangu uanagenzi. Na magazeti ya kawaida ya eneo, kama Tyrone Constitution la Omagh na Londonderry Sentinel, yalichapisha matokeo ya maonyesho ya maua na mboga. Zawadi iliandikwa kwa jina la mwenye milki, na pembeni yake jina la mtunza bustani. Ukitafuta miaka ya kando ya 1896 unaweza kumkuta akishinda kwa zabibu zake.

Kanisa na kaburi usiviache. Vitabu vya Wapresbiteri wa kaskazini vimenakiliwa PRONI. Kama karibu na jumba hapakuwa na kanisa lao, huenda alisali na Waanglikana, basi angalia kote. Na jiwe la kaburi husema jambo ambalo cheti cha kifo hakisemi. Waskoti waliofia ugenini mara nyingi waliandikiwa parokia na kaunti ya kwao. Pia angalia kalenda za wosia za tangu 1858. Wosia wenyewe uliungua kwa wingi, lakini kalenda zilibaki, na msimamizi wa mirathi anaweza kuwa ndugu aliyeko Uskoti pamoja na anwani yake.

Hapo ndipo urudi ScotlandsPeople, tovuti ya serikali ya Uskoti. Kutafuta kwenye faharasa ni bure, kuona picha ya cheti ndiko kunakolipiwa, kwa hiyo usinunue kwa kubahatisha. Kama mzee alizaliwa kando ya 1850, amezaliwa wakati mbaya: uandikishaji wa lazima ulianza 1 Januari 1855, na baada ya kanisa la Uskoti kupasuka mwaka 1843 watoto wengi hawakuingizwa kwenye vitabu vya parokia. Sensa za 1851 na 1861 zitakusaidia zaidi kuliko ubatizo, kwa kuwa zinataja parokia ya kuzaliwa.

Ukibaki na majina matano au sita yanayofanana, usichague linalokupendeza. Mfuate kila mmoja mbele. Aliyekufa mtoto, mwondoe. Aliyekuwa mvuvi miaka 30, mwondoe. Na ipo hoja moja yenye nguvu: sensa ya Uskoti ya 1901 ilifanyika usiku uleule wa 31 Machi sawa na ya Ireland. Aliyelala Perth usiku huo hakulala Tyrone, na wote utakaowakuta Uskoti siku hiyo hawahusiki. Anayebaki bila maelezo ndiye wa kumchunguza. Mpime kwa majina ya watoto wake, kwani Waskoti wengi walimpa mwana wa kwanza jina la baba wa mume, wa pili la baba wa mke, binti wa kwanza la mama wa mke na wa pili la mama wa mume. Desturi hiyo si sheria, lakini ikikubaliana na karatasi nyingine inatia moyo.

DNA sasa. Asilimia zako, 14 na 9, jumla 23, zinakubaliana vizuri na kuwa na babu mmoja Mzungu, ambaye kwa wastani angekupa 25. Huo ndio ujumbe wake wa maana. Mgawanyo kati ya Ireland na Uskoti usiutegemee, kwa sababu watu wa pande hizo mbili wamekuwa wakivukiana na kuoana kwa karne nyingi, na kampuni haiwezi kuwatenganisha kwa usahihi huo. Kinachofaa ni orodha ya watu wanaolingana nawe. Mpime mama haraka, kwa ridhaa yake. Yeye amebeba nusu nzima kutoka kwa baba yake, nawe una takriban robo. Wajukuu wa ndugu za babu ni binamu zako wa daraja la pili, na watu wa daraja hilo karibu siku zote huonekana. Kipimo cha kromosomu Y hakitakufaa wewe wala mama, kwa kuwa hupita kwa wanaume peke yao. Kama mama ana kaka wa baba mmoja, au huyo kaka ana mwana, hapo kina kazi.

Utakapompata ndugu kwenye orodha hiyo, kumbuka huenda hajawahi kusikia kwamba babu yake mdogo aliacha mtoto Kenya. Andika ujumbe mfupi: wewe ni nani, unatafuta nini, una picha ya mwaka 1896 ambayo uko tayari kumtumia. Habari za mali au lawama zisiingie hapo. Wengine watanyamaza, na si kosa lako wala la mama. Mwingine atakuwa na picha ya pili ya bustani ileile.

Msaada wa ana kwa ana utafute katika hali tatu. Ya kwanza ni karatasi za milki ambazo haziko mtandaoni. Kuingia PRONI ni bure na wahudumu wake ni wavumilivu, lakini nauli ya Nairobi hadi Belfast ni kubwa kuliko kumlipa mtafiti wa hukohuko asome daftari kwa saa chache. Watafiti wanaotambulika wa Ireland wako chini ya chama cha Accredited Genealogists Ireland, na wa Uskoti chini ya ASGRA. Mpe mtafiti maswali mawili yaliyo wazi, mwombe makadirio kwa maandishi, na mwambie ataje namba ya kila faili alilolisoma, hata lile ambalo hakukuta kitu. Ya pili ni ukitaka kutumia ukoo huu kwa uraia au mirathi: muone wakili wa mambo hayo kabla hujalipia cheti kingine. Ya tatu ni mama. Matokeo ya DNA yanaweza kupingana na aliyoyaamini maisha yake yote, kwa hiyo akae na mtu anayemwamini siku ya kuyafungua.

Wiki hii fanya mawili tu: kaa na mama na simu ya kurekodi, kisha mtafute babu kwenye sensa ya 1901. Ukiupata ukurasa, nitumie jina la kitongoji na jina lililo kwenye safu ya mwenye ardhi, nami nitakuelekeza mkusanyiko wa kuanza nao Belfast.